Bi Funguo: Muuza vinanda anayewakataza wateja kununua kikubwa

Saa tatu kasorobo asubuhi duka bado limefungwa. Mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni anapita kinanda kwa kinanda, kitambaa kikavu mkononi. Anafuta ufunguo mmoja mmoja, kuanzia sauti nene hadi nyembamba, kisha anasogea kwenye kinachofuata.

"Viko ishirini na vitatu," anasema bila kugeuka. "Vumbi likishaingia chini ya funguo, halitoki kwa kubembelezwa."

Hajamaliza safu ya kwanza, mtu anagonga kioo cha mlango. Ni bwana mmoja mwenye haraka zake, ameshika ufunguo wa nyumba uliokatika vipande viwili. Ameambiwa mtaani aende kwa Bi Funguo.

"Mlango wa tatu kushoto, kaka yangu, kwa fundi makufuli," anamwelekeza. "Funguo zangu mimi hazifungui kitu."

Kila wiki huja wawili watatu wa namna hiyo. Jina hilo alibandikwa na wafanyakazi wenzake miaka kumi na moja iliyopita, alipoajiriwa kuuza vinanda katika duka hili la vyombo vya muziki. Limemganda kiasi kwamba hata binti yake wa kumzaa amemwandika hivyo kwenye simu.

Bi Funguo ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kona yake ipo mwisho wa duka, nyuma ya magitaa yaliyotundikwa ukutani, na vinavyouzwa hapo ni vinanda vya jukwaani: vile vya umeme ambavyo mpigaji hubeba na kwenda navyo kwenye ukumbi, na vingi vyake havina hata spika ya kwake.

Mteja wa kwanza leo ni nesi aliye likizo, mpigaji wa kikundi cha watu wanne kinachotumbuiza kwenye sherehe. Anazunguka mara mbili, anasoma vibandiko vya bei, kisha anasimama mikono kiunoni.

"Mama, hapa bei hazijachanganywa kweli?"

"Hazijachanganywa."

"Hiki kina vitufe saba tu. Kile pale kina kioo, kina midundo mia mbili, kina sauti elfu moja. Mbona hiki ndicho ghali?"

"Kaa kwanza, mwanangu. Piga hiki, halafu kapige kile. Maneno baadaye."

Nesi anakaa. Anapiga kile cha vitufe saba, ambacho funguo zake ni nzito na zinashuka taratibu kama za piano ya mbao. Kisha anahamia kile cha sauti elfu. Anarudi kwenye cha kwanza bila kuambiwa.

"Umeona?" Bi Funguo anamwuliza. "Kwenye kile, fedha yako imekatwa vipande elfu, kila sauti ikapata chembe. Kwenye hiki imewekwa mahali pawili: kwenye funguo na kwenye sauti tatu nne zilizotulia."

"Kwa hiyo nalipia upungufu?"

"Unalipia kutosumbuliwa. Lakini usinisikilize mimi, sikiliza vidole vyako. Sasa nijibu: mnapiga ukumbi gani, unapiga umesimama au umekaa, na kinanda anabeba nani?"

Nesi anacheka. Anabeba mwenyewe. Bi Funguo anamwambia akinyanyue. Kina kilo ishirini na moja. Nesi anakinyanyua hadi magotini, anakirudisha polepole, na mazungumzo yanaanza upya, safari hii kuhusu mgongo.

Hivyo ndivyo anavyouza. Kwanza ukae, upige, ubebe. Bei inakuja mwisho.

"Watengenezaji hawa wana akili kuliko sisi," anasema Bi Funguo wakati nesi anatoka kwenda kushauriana na wenzake. "Watakutengenezea watoto watatu wa tumbo moja. Sauti ya ndani ni ile ile, damu moja. Kitinda mimba ana funguo sitini na moja, nyepesi. Wa kati ana sabini na tatu. Kifungua mimba ana themanini na nane, nzito, na kioo kikubwa. Sasa angalia ujanja. Yule mdogo ameondolewa kitu kimoja tu, na ndicho unachokihitaji! Labda hawezi kutoa sauti mbili kwa pamoja. Labda hana tundu la kanyagio la pili. Unaachiwa njaa kidogo, upande ngazi moja. Ukifika kwa wa kati, naye ana kapengo kake. Unapanda tena. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma."

Anasema hayo bila chuki. Kwa maoni yake hakuna kinanda kibaya katika vyote ishirini na vitatu. Kuna mtengenezaji anayeuza wingi wa mambo, mwingine anauza wepesi wa kutumia, na mwingine anauza bei. Ubaya huanza pale mteja wa mmoja anapopelekwa kwa mwingine.

Kifungua mimba wa safu yake ni sawa na mshahara wake wa miezi saba. Mdogo ni miezi miwili. Mshahara wenyewe nusu yake huishia kwenye kodi ya nyumba, kwa hiyo kinachomwinua muuzaji yeyote wa hapa ni kamisheni, na kamisheni nono iko kwenye kikubwa.

Hapo ndipo yalipomkuta.

Miaka mitatu iliyopita waliingia dukani watu wawili wa kwaya moja. Mmoja ni mweka hazina, mama mshonaji wa mapazia. Mwenzake ni mwalimu mstaafu ambaye kila mtu humwita Mwalimu. Alikuwa ameipigia kwaya hiyo kwa miaka thelathini na moja, kwenye kinanda cha zamani kilichokuwa kimekufa funguo tisa. Kwaya ilikuwa imechanga kwa miaka miwili ili wanunue kipya.

"Mwalimu alikaa kwenye kitinda mimba mmoja mwenye vitufe vinne," Bi Funguo anasimulia. "Akapiga wimbo mzima amefumba macho. Nikajua pale pale kwamba mguu umepata kiatu chake. Lakini ilikuwa wiki ya mwisho ya mwezi, na nilikuwa sijauza kikubwa hata kimoja."

Akamshika Mwalimu mkono, akampeleka kwenye kile kikubwa kuliko vyote. Akabonyeza kitufe, zikalia tarumbeta. Akabonyeza kingine, ngoma. Kingine tena, sauti za watu mia wakiimba. Mweka hazina akapiga makofi. Mwalimu akatazama kioo kikiwakawaka, akasema, "Hiki ndicho."

Mwezi huo Bi Funguo alipata kamisheni yake.

Miezi mitano baadaye alifariki mmoja wa waimbaji wakongwe wa kwaya. Kwenye ibada ya kumuaga, watu wamesimama kimya mbele ya jeneza, Mwalimu akipiga taratibu, kidole kikagusa kitufe kilicho jirani na kile alichokusudia. Ngoma za dansi zikaanza. Akabonyeza ili azime, mwendo ukaongezeka. Akabonyeza tena, tarumbeta nazo zikaingia. Mzee akahangaika na kile kioo mpaka jasho likamtiririka, mwishowe akainama na kung'oa waya ukutani.

Mweka hazina anakumbuka kilichofuata. Mwandishi alimkuta kwenye chumba chake cha kushonea, katikati ya marobota ya vitambaa.

"Watu walicheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka," anasema. "Mjane hakucheka. Mwalimu alifunika kinanda kwa kitambaa, akaenda kukaa benchi la nyuma. Wiki iliyofuata alikaa huko huko. Hakugombana na mtu. Ukimwambia aje mbele, anasema macho yanamsumbua. Tukawa tunaimba vikavu, bila kinanda."

Mweka hazina ndiye aliyekwenda dukani.

"Nilimwona anaingia, nikajua kuna jambo," anasema Bi Funguo. "Nikajiandaa kupigiwa kelele. Akaniambia, 'Hatukuja kukugombeza, Bi Funguo. Tunauliza tu kama kuna namna ya kuziua zile ngoma zisiamke tena.' Ningepigiwa kelele ingekuwa nafuu."

Namna ilikuwepo. Ilikuwa ukurasa wa mia na arobaini wa kitabu cha maelekezo, na kila ukizima umeme, mashine inarudia tabia yake.

Siku yake ya mapumziko Bi Funguo alifunga safari hadi nyumbani kwa Mwalimu. Alimkuta sebuleni, amezungukwa na vitabu vya nyimbo, anagundisha kurasa zilizochanika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchukua mashine yako?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuuzia kisichokufaa, na nilijua hakikufai."

Mzee alimaliza kwanza kugundisha ukurasa aliokuwa ameushika. Akaupuliza ukauke.

"Hata mimi nilijua," akasema. "Vidole vilishachagua kile kidogo. Ila nikamtazama mweka hazina, nikafikiria miaka miwili ya michango ya watu, nikasema moyoni: nikirudi na kijisanduku cha vitufe vinne, watasema Mwalimu kazeeka. Nilitaka ukubwa. Kosa tuligawane."

"Nusu kwa nusu?"

"Wewe chukua kipande kikubwa kidogo. Wewe ulikuwa unalipwa."

Wakacheka wote wawili. Kisha mzee akakifunga kitabu.

"Mtu amewapigia wenzake miaka thelathini na moja," akamwambia, "halafu anakumbukwa kwa dakika moja."

Kesho yake Bi Funguo alikwenda kwa mwenye duka, ambaye wafanyakazi humwita Tajiri, kuomba kinanda kirudishwe na kwaya ipewe kile kidogo.

"Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia," anasema. "Akanijibu: 'Hili ni duka. Kila anayejuta akirudisha, kesho tutauza hewa.' Na ukimfikiria, ana haki yake. Kinanda cha miezi mitano ungemuuzia nani kama kipya?"

Wiki mbili zikapita. Akaingia kiongozi wa bendi ya harusi. Kinanda chake kilikuwa kimenyeshewa kwenye hema, na alitaka kile kile kikubwa, chenye ngoma, tarumbeta na kila kitu, kwa sababu bendi yake imebaki na watu watatu tu na lazima wasikike kama kumi. Alitazama bei, akashusha pumzi.

"Huyo ndiye aliyetengenezewa kile kinanda," anasema Bi Funguo. "Mtengenezaji alipokaa mezani kukichora, alikuwa anamfikiria mtu kama yeye. Siyo Mwalimu."

Akamtoa nje hadi kando ya barabara, akamwambia kuna kinanda cha miezi mitano kimelala chini ya kitambaa, hakijapata hata mkwaruzo. Ndani ya siku nne bendi ilikuwa imekichukua. Mweka hazina akarudi dukani, akanunua kitinda mimba wa vitufe vinne, na fedha iliyobaki ikatosha kununua kanyagio na miguu ya kukisimamishia.

Jambo lingeishia hapo. Lakini kiongozi wa bendi alikuwa mtu mwenye adabu: alipiga simu dukani kutoa shukrani. Aliyepokea simu ni Tajiri.

"Alishukuru vizuri sana," anasema Bi Funguo. "Alieleza kila kitu, hakubakiza."

Tajiri alimhamishia stoo. Wiki tisa alizokaa huko alibandika lebo kwenye maboksi, bila kamisheni, ilhali binti yake yuko mwaka wa mwisho chuoni. Kona ya vinanda akapewa muuzaji wa magitaa.

"Binti aliniambia, 'Mama, si ungenyamaza tu?' Nikamwambia nilishanyamaza mara moja, siku ya Mwalimu, na ndiko kulikonifikisha hapa," anasema. Aliandika barua ya kuacha kazi, akazunguka nayo ndani ya mkoba siku nne. Kila akitaka kuipeleka anakumbuka ada.

Wakati yeye anabandika lebo, habari zilikuwa zinatembea. Kwaya huazimana waimbaji, na wanaoazimana waimbaji huazimana na habari. Watu wakaanza kuja dukani wakiuliza, "Yuko wapi yule mama anayekataza watu kununua?" Wakiambiwa hayupo, wanasema watarudi akiwepo. Wengine hawakurudi.

Wiki ya tisa Tajiri alishuka stoo mwenyewe. Akavuta boksi la spika, akalikalia.

"Umewapa nini hawa watu?"

"Sijawapa kitu, Tajiri. Nimewanyima."

"Panda juu," akasema akiinuka. "Lakini siku utakayompeleka mteja wangu barabarani tena, na wewe usirudi ndani."

Alipoulizwa na mwandishi, Tajiri hakukanusha hata neno. Ni mtu mwembamba, anayeongea huku akipangilia kalamu zake mezani.

"Bado ananikasirisha," alisema. "Mtu anaingia na fedha ya kikubwa, anatoka na kidogo, nami natazama. Lakini zamani kila mwezi nilikuwa na watu sita saba mlangoni wenye malalamiko. Siku hizi mwezi unapita sijamwona mtu. Na vikubwa vinauzwa bado, asikudanganye. Ila vinakwenda kwa wanaovijua."

Mwandishi alihudhuria mazoezi ya kwaya siku ya Jumatano jioni. Ukumbi ni wa viti vya plastiki na feni moja. Mwalimu, sasa ana miaka sabini na minne, alikuwa mbele, mgongo umenyooka, amevaa koti. Katika wimbo wa pili alikosea nota, kwaya ikaendelea kama kawaida, naye akaikuta kwenye ubeti uliofuata.

"Kina vitufe vinne," alisema baada ya mazoezi, akifunika kinanda. "Viwili sijavigusa tangu kije. Sina haraka navyo."

Alipoulizwa kuhusu siku ile ya ibada, alijibu kwamba alikwenda mwenyewe kwa mjane, akaomba radhi. Mjane alimwambia marehemu alikuwa mtu wa dansi tangu ujana wake, na kwamba kama kuna aliyefurahia zile ngoma basi ni yeye. "Sijui kama alisema kweli au alinihurumia," alisema Mwalimu. "Lakini tangu hapo napata usingizi."

Huko dukani, saa za alasiri wateja hupungua, na Bi Funguo hupata nafasi ya kukaa. Swali moja hulikwepa kwa mzaha kila anapoulizwa: nyumbani kwake kuna kinanda gani?

Hakuna.

Aliwahi kuwa nacho. Kabla ya kuja hapa alipiga kinanda miaka kumi na minne katika bendi ya hoteli, watu sita. Mwaka wa mwisho meneja alinunua mashine yenye midundo. Mpiga ngoma akaambiwa apumzike, kisha mpiga besi, kisha wengine. Akabaki yeye peke yake jukwaani.

"Miezi minane nilipiga na wenzangu waliofungiwa ndani ya sanduku," anasema. "Hawakosei, hawaumwi, hawaombi chakula. Lakini binadamu ukijikwaa anapunguza mwendo, anakutazama, anakungoja. Ile mashine haikuwahi kuningoja hata siku moja. Nikikosea, inaniacha, nabaki kuikimbiza mbele za watu." Aliacha kazi. Kinanda chake mwenyewe alikiuza mwaka uliofuata, wakati wa kumwandikisha binti shule.

Binti sasa amemaliza chuo na ameanza kazi. Mwezi uliopita alimwambia mama yake achague kinanda, yeye atachangia nusu. Bi Funguo, ambaye huamua ya wenzake kwa nusu saa, alihangaika wiki tatu.

Mpango upo tayari. Yule mpiga ngoma wa hotelini anauza mayai kwa jumla siku hizi, na ngoma zake hakuziuza. Ziko ghalani, nyuma ya trei. Wamekubaliana kukutana hapo kila Jumamosi alasiri, wapige wanazozikumbuka. Kama watapatikana wasikilizaji, ni sawa. Kama hawatapatikana, mayai yatasikiliza.

Anainuka na kumwonesha mwandishi alichochagua. Anavipita vile vyenye vioo, anasimama mbele ya mmoja wa watoto wa kati: funguo sabini na tatu, vitufe tisa, kilo kumi na moja. Ameshakibeba kuzunguka duka mara mbili.

Mwandishi anamwuliza kama kina midundo.

"Hata mmoja. Nimekagua mbele, nyuma na kwenye kitabu," anasema. Anakaa, anawasha umeme, anaweka mikono juu ya funguo bila kupiga. "Mpiga ngoma wangu ni mtu wa kuchelewa, tangu zamani. Nitakaa nimngoje."